Chagall Guevara, bendi ya walokole iliyogoma kukaa kwenye shelfu la walokole

Kila nikitaka kumwelezea mtu hii bendi inabidi nianze na Kiss Me. Unaukumbuka ule wimbo, mwaka 1999 ulikua huwezi kuukwepa, redioni upo, kwenye harusi MC anauweka wakati wa keki, wadada wa boding wameuandika maneno yote nyuma ya daftari la Civics na mioyo pembeni. Marekani ulifika namba 2 kwenye Billboard Hot 100. Wengi waliokua wanaucheza hawakuwa na habari kwamba Sixpence None the Richer ni watoto wa kanisani kutoka Texas, na sidhani kama ingewahusu, wimbo ulikua mtamu basi.

Sasa mi ni mtu wa kusoma kava. Siwezi kusikiliza kitu bila kujua nani kapiga besi, nani kaprodyuzi, nani kashukuriwa mwisho kabisa kwa maandishi madogo. Na kwenye ile albamu ya Sixpence ya 1997 prodyuza ni Steve Taylor, na lebo, yani kampuni iliyoitoa, ni Squint Entertainment ya Nashville, ambayo ni ya huyo huyo Steve Taylor. Jina nilishawahi kuliona, lipo kwenye kaseti za bendi ya gospo ya Newsboys, zile zilizokua zinazunguka kwa vijana wa fellowship zimedabiwa mpaka sauti ya gitaa imebaki kama nyuki ndani ya chupa. Ndo nikaanza kumfuatilia huyu jamaa kwa nyuma, na nyuma huko katikati ya albamu zake nikakuta shimo. Kati ya 1987 na 1993 hana albamu yoyote ya nyimbo mpya yenye jina lake. Kwenye hilo shimo ndo kuna Chagall Guevara, bendi iliyoishi kama miaka 4 tu na enzi hizo ikaacha albamu moja, na kwangu mimi hiyo albamu moja inatosha kuziba midomo ya wanaosema rock ya walokole ni kopi tu ya rock ya watu wengine.

Lakini ili uelewe hasira iliyopo kwenye ile albamu lazima umjue Taylor wa miaka ya 80. Mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, mrefu, mwembamba, sauti yake iko juu na ina wasiwasi flani hivi, kama mtu anayebishana na wewe huku anatafuta ufunguo wa gari. Mwaka 1983 akatoa I Want to Be a Clone, na kichwa cha habari tu kinakuambia alikua anawalenga nani, alikua anawacheka walokole wenzake wanaotaka kila mtu aongee sawa, avae sawa, aombe sawa. Mwaka uliofuata akatoa Meltdown na ndani yake kuna wimbo anaowachana Bob Jones University, chuo cha Kikristo cha South Carolina kilichokua kinakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuwa wapenzi. Kukataza kabisa, kwenye sheria za chuo! Na usidhani hiyo ni enzi za utumwa, ile sheria waliifuta mwaka 2000. Taylor aliimba hayo kwenye albamu iliyokua inauzwa kwenye maduka ya vitabu vya dini, kwa wazazi wa hao hao wanafunzi. Kwenye jukwaa nako alikua hatulii, tamasha la muziki wa Kikristo la Cornerstone la 1984 aliruka kutoka jukwaani akavunjika kifundo cha mguu.

Kilichomtia matatani kabisa ni mwaka 1987, albamu ya I Predict 1990. Kuna wimbo humo ambao msimulizi wake ni muuza askrimu anayelipua kliniki ya kutoa mimba, na sababu yake eti watoto wakipungua yeye atamuuzia nani askrimu. Ni kejeli. Taylor mwenyewe alikua anapinga utoaji mimba, alichokua anakidhihaki ni wale watu waliokua wanalipua kliniki kwa jina la Mungu, na miaka ile walikuwepo kweli. Lakini kejeli ina shida moja, lazima msikilizaji akae dakika mbili afikirie, na watu walisikia mstari wa kwanza tu wakawaka. Kuna maduka ya dini yaliitoa albamu kwenye shelfu. Ziara ya Australia ikafutwa baada ya magazeti kulivalia njuga. Afu wengine wakaja na jipya kwamba picha ya kwenye kava inafanana na karata za uganga, wakati picha yenyewe alichora mke wake. Jamaa akachoka, akaachana na soko la injili.

Hapo ndo wanakusanyika Nashville, mwaka 1989. Taylor anaimba. Gitaa ni mbili, Dave Perkins na Lynn Nichols, na hawa sio vijana wa kuokota, Perkins alikua ana albamu yake mwenyewe ya 1987 inaitwa The Innocence, Nichols alikua kapiga gitaa kwenye bendi ya Phil Keaggy toka miaka ya 70 na pia alishafanya kazi ya ofisini ndani ya Myrrh, lebo kubwa ya muziki wa Kikristo, kwa hiyo alikua anajua jikoni kunapikwaje. Besi Wade Jaynes, drams Mike Mead. Jina wakaunganisha mchoraji Marc Chagall na Che Guevara, yani yule Myahudi anayechora ng'ombe na maharusi wanaelea angani, na yule mpiganaji wa kwenye tisheti. Ndo sauti yao ilivyo kwa kweli, nusu ndoto nusu vurugu.

Na wakaweka uamuzi mmoja ambao ndo kiini cha hii habari yote. Hatusaini na lebo ya injili. Hatutauzwa kwenye maduka ya dini kama bendi ya dini. Sisi ni bendi ya rock, tukimwamini Mungu itasikika yenyewe, isiposikika basi.

Ukisoma haraka unaona kama watu wanakana imani ili wapate hela, na wapo waliosema hivo. Ila cheki hilo soko lilivyokua linafanya kazi. Marekani ya miaka hiyo muziki wa Kikristo ulikua na dunia yake kamili, maduka yake, redio zake, chati zake, magazeti yake, tuzo zake. Dukani kulikua na mabango yanayomwambia mzazi kwamba mwanao akipenda bendi flani ya kidunia mnunulie hii yetu inafanana nayo. Fikiria wewe ni mwanamuziki, umekesha miaka unatafuta sauti yako, afu unawekwa kwenye bango kama mbadala wa mtu mwingine. Nashville walikua na utani kabisa wa kuhesabu jina la Yesu linatajwa mara ngapi kwa dakika, kwamba redio ndo inapima hivo. Utani wenyewe ulikua na ukweli mwingi ndani yake, watu waliandika nyimbo wakijua kuna mtu mahali atahesabu.

Haya mambo mi siyaoni ya mbali. Nimepiga besi kwenye bendi ya vijana kanisani, kanisa silitaji, na tulikua na wimbo mmoja wa Zaburi ya 13, ile ya "Ee Bwana, hata lini", tukauwekea gitaa la disto kwa sababu yule mtu wa kwenye Zaburi kwa kweli analia. Baada ya ibada mzee mmoja akaniita pembeni. Shikamoo mzee. Marahaba kijana wangu, sasa hebu niambie, hilo gitaa linalokoroma lilikua linamsifu nani? Nikamwambia mzee ni Zaburi ile, maneno hatujabadilisha hata moja. Akasema maneno nimeyasikia, nakuuliza gitaa. Kwa kweli sikuwa na jibu na mpaka leo naliona lile swali lina uzito wake. Afu kuna siku tukapata dili la kupiga kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, mwenye mgahawa kasikiliza mazoezi, kafurahi, mpaka mtu kamnong'oneza kwamba hawa ni vijana wa kanisani. Akaja, bana samahanini, wateja wangu wanakuja hapa kunywa, sitaki wajisikie vibaya. Hatujaimba chochote cha kumhukumu mtu! Ila ndo hivo, kanisani sisi ni wa dunia, duniani sisi ni wa kanisa. Kwa hiyo niliposoma kilichowapata Chagall Guevara sikuhitaji maelezo mengi.

Mwanzo walianza vizuri sana. Mwaka 1990 wimbo wao Tale o' the Twister ukaingia kwenye albamu ya filamu ya Pump Up the Volume, ile ya Christian Slater akiwa mwanafunzi mpole mchana na usiku anaendesha redio ya uchochoroni kutoka chumbani kwake. Angalia walikaa na nani humo ndani: Pixies, Sonic Youth, Soundgarden, Concrete Blonde, Cowboy Junkies. Wenye masikio yao wanajua hiyo listi ilikua ni utabiri wa muongo mzima, na hawa walokole wamo katikati na hakuna aliyeona tofauti. Ndo walichokua wanakitaka toka mwanzo.

Halafu MCA, lebo kubwa ya kidunia, ikawatolea albamu mwanzoni mwa 1991, imeitwa kwa jina la bendi. Wameprodyuzi wenyewe pamoja na Matt Wallace, ambae ndo kwanza alikua katoka kuipaisha The Real Thing, albamu ya bendi ya rock ya Faith No More. Unasikia mkono wake kwenye drams, ni kavu, ziko mbele, kama Mead amekaa sebuleni kwako. Inafungua na Murder in the Big House na hawakupi muda wa kukaa vizuri. Gitaa za Perkins na Nichols hazigawani kazi ile ya kawaida ya mmoja ridhim mwingine solo, zinagombania njia, moja inakwaruza pembeni wakati nyingine inashikilia rifu, ukivaa hedifoni unasikia zinavyovizana kushoto na kulia. Katikati Taylor anatema maneno, na maneno yake ni mengi, hii sio albamu ya kiitikio cha watu kupunga mikono. Escher's World imechukua jina kwa M. C. Escher, yule mchoraji wa ngazi zinazopanda na kujikuta zimerudi chini. Violent Blue ndo inayopumua zaidi, ina melodi ya kukaa nayo. Kuna nyimbo mbili tatu kwenye nusu ya pili ambazo mi ningezitoa, ni 13 jumla na pumzi inakata kidogo, ila hilo ni langu.

Gazeti la Rolling Stone likawasifia na kuwafananisha na The Clash, wale magwiji wa punk wa Uingereza. The Clash jamani. Bendi mpya, albamu ya kwanza, unafananishwa na The Clash kwenye gazeti ambalo kila mwenye duka la rekodi Marekani analisoma. Ungekua meneja wao ungelala?

Na hakuna kilichotokea. Hapo ndo watu wengi wanatafuta adui, wanasema MCA waliwabania kwa sababu ya imani yao. Mi sioni hivo. MCA walikua na jina la utani kwenye biashara, waliitwa makaburi ya muziki ya Marekani kwa jinsi rekodi nzuri zilivyokua zinaingia pale na kuzikwa, walokole kwa wapagani. Mwishoni mwa 1990 kampuni nzima ilikua imenunuliwa na Matsushita ya Japani kwa zaidi ya dola bilioni 6, na nyumba ikibadilisha mwenye nyumba we mpangaji wa chumba cha uani nani anakukumbuka. Lebo kubwa inatoa rekodi kila wiki, wale watu wa kupeleka nyimbo redioni wanachagua chache za kuzipigania, nyingine zinatolewa tu zikaogelee zenyewe. Ikishindwa wiki za mwanzo wanahamia kwa anayefuata. Na hela waliyokupa ya kurekodi bado ni deni, inakatwa kwenye mauzo yako, kwa hiyo unaweza kuwa na albamu iliyosifiwa nchi nzima na usione hata senti.

Kawaida bendi ya namna hii inaokolewa na kundi lake la nyumbani. Wale mashabiki wa awali, wanaonunua siku ya kwanza, wanaojaza shoo ndogo, wanaopiga simu redioni kuomba wimbo. Sasa mashabiki wa Taylor walikua wapi? Kwenye maduka ya dini! Ndo walikokua wananunua muziki, redio yao ilikua ya Kikristo, magazeti yao ya Kikristo, na hii albamu huko haikupelekwa. Mtu aliyekua na kaseti zote za Taylor toka 1983 angeweza kupita miezi hajui kama jamaa karudi, tena kajificha nyuma ya jina la ajabu. Na yule kijana wa chuo aliyesoma Rolling Stone hakuwa na sababu ya kuwapenda zaidi ya bendi nyingine 50 za wiki ile. Kwa hiyo uamuzi wao wa heshima ndo uliowanyima hela ya chakula, na nadhani walijua. Watu wazima wale, Taylor alikua na miaka 33, Nichols alishakaa ofisini kwenye lebo, hawakudanganywa na mtu.

Septemba ya mwaka huo huo Nirvana wakatoa albamu ya Nevermind kupitia lebo ya Geffen, na Geffen ilikua imeshanunuliwa na MCA mwaka mmoja nyuma. Ukoo ule ule. Miezi michache baadae kila redio ya rock inataka gitaa chafu na watu wenye hasira, yani ule mlango walioubisha Chagall Guevara ukafunguka ukutani kabisa, wao wakiwa wameshashuka ngazi.

Ilipofika 1993 bendi haipo. Kitu chao cha mwisho cha studio kutoka enzi zile ni Treasure of the Broken Land ya Mark Heard, iliyotoka 1994 kwenye albamu ya kumuenzi. Heard nae alikua wale wale, mtunzi wa hatari, mwamini, soko la injili halikumuelewa na soko kubwa halikumsikia, alipata shambulio la moyo akiwa jukwaani Cornerstone mwaka 1992 na akafariki Agosti. Sijui kama walipanga, lakini bendi iliyokufa kuimba wimbo wa mtu aliyekufa, tena kwa nguvu ile, ukiusikia unaona kabisa hawakua wameisha.

Baada ya hapo kila mtu na njia yake. Perkins na Nichols wakatoa kitu kinaitwa Passafist, kelele tupu, nzuri. Taylor akarudi kwenye soko la injili na albamu inayoitwa Squint mwaka 1993 (jina ambalo baadae akaipa na lebo yake), na Jaynes na Mead wakampigia, kwa hiyo ukiisikiliza unapata nusu ya Chagall Guevara humo. Akawa anawaandikia na kuwaprodyuzia Newsboys, wale Waaustralia (nchi ile ile iliyomfutia ziara, cheka tu), na wimbo wao Shine wa 1994 ni kalamu yake pamoja na Peter Furler wa bendi hiyo. Afu akafungua lebo yake, akawachukua Sixpence ambao lebo yao ya awali ilikua imewafia mikononi, akawarekodi, na wimbo ukaenda kwenye filamu, kwenye tamthilia, kwenye harusi ya binamu yako. Hakuubandika alama ya injili na hakuuficha pia. Kile kile alichokua anakitaka na bendi yake akakipata kwa bendi ya watu wengine, kwa wimbo wa mabusu.

Wakubwa wakaichukua Squint baada ya miaka michache na yeye akawekwa nje, maana huyu jamaa na ofisi hawajawahi kupatana. Akahamia kwenye filamu. Filamu yake ya Blue Like Jazz ilikua imekwama kwa kukosa hela, mashabiki wawili wakaanzisha mchango Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha, mwaka 2010 na zikapatikana zaidi ya dola 300,000, filamu ikatoka 2012. Nadhani hapo ndo aliona kwamba wale watu wake wa miaka ya 80 bado wapo, wamezeeka kidogo, wana kazi sasa, na hawahitaji tena duka la dini kumfikia. Kwa sababu karibu miaka 30 baada ya kuvunjika, Chagall Guevara nao walifanya vile vile, wakapitisha bakuli kwa mashabiki, ikatoka rekodi ya laivu ya enzi zile inaitwa The Last Amen na albamu ya nyimbo mpya, Halcyon Days. Hakuna lebo, hakuna shelfu, hakuna mtu wa kuuliza hii tuiweke wapi.

Huku kwetu bado tunauliza. Mtangazaji anashika wimbo mpya na kabla hajausikiliza ameshataka kujua ni gospo au ni wa dunia, maana kipindi cha gospo ni Jumapili asubuhi na akiukosea saa wasikilizaji wa pande zote mbili watapiga simu. Simlaumu, kazi yake inamtaka hivo. Ila nimeona vijana wenye vipaji wanaandika nyimbo mbili, moja ya Jumapili moja ya Ijumaa, na zote hazina damu.

Kama hujawahi kuwasikia na umezoea vitu laini anza na Violent Blue. Ukishaizoea nenda Escher's World, halafu ile ya Mark Heard. Murder in the Big House isubiri siku ambayo una spika nzuri na majirani wamesafiri.